Maswali ya Gereji: klia iliyobanduka, tangi la boda na mashine ya bafingi

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za klia, lile tabaka linaloonyesha ndani ambalo hupakwa juu ya rangi ya gari. Kabla ya kusoma majibu, shika kipimo kimoja. Klia ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na karatasi ya kawaida ya kuandikia ni kama mikroni 100. Nusu ya karatasi ndiyo akiba yote uliyo nayo. Jua linaila, msasa unaila, bafingi, yaani kung'arisha kwa mashine, nayo inaila.

*

*Mafundi, hamjambo. Nina Premio ya 2004, rangi ya fedha. Klia imebanduka kama ngozi ya nyoka juu ya boneti na paa, lakini milango iko salama. Jirani ananishauri nipige msasa kidogo pale palipobanduka kisha nimwagie klia mpya. Kompresa ninayo, ya lita 50. Itashika?*
Msomaji, Jinja

Itashika miezi michache, halafu itabanduka pale pale na kuvuta ya pembeni. Klia yako haikutoka kwa mkwaruzo. Jua limeipenya na kuharibu mshikamano wake na rangi iliyo chini. Ndiyo maana milango imepona: huku kwetu kwenye ikweta jua la mchana husimama karibu utosini, likachoma paa na boneti kuliko ubavu. Kandokando ya kila baka kuna klia inayoonekana nzima, kumbe imeshaachia. Ukipaka juu yake, umepaka juu ya kitu kinachoondoka. Isitoshe, rangi ya fedha iliyokaa bila klia hupauka, na klia mpya itayaonyesha mabaka hayo kama ramani.

Kwa hiyo ni paneli nzima: boneti lote, paa lote, na rangi ya chini irudiwe. Bahati yako ni kwamba paneli hizi mbili zina mipaka. Boneti linaishia kwenye kingo zake. Paa la sedani kama hiyo linaishia kwenye mifereji miwili iliyofunikwa na utepe mweusi. Ng'oa utepe, bandika tepu ndani ya mfereji, na mwisho wa klia utajificha humo. Usiikatishe klia katikati ya paneli. Mstari wake huanza kunyanyuka kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja chenye dawa na kingine kikavu kikifuata papo hapo. Anza na msasa namba 400 uliozungushiwa kibao, uondoe klia yote inayoachia. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye ngazi, bado hujamaliza. Ngazi ikishapotea, piga paneli nzima namba 600, halafu 800 ya maji. Usiishie 400 hata ukiwa umechoka. Rangi ya fedha ina chembe za alumini zinazolala kwa kufuata mikwaruzo, na mistari utaiona baada ya klia, wakati huna la kufanya. Palipofika bati papakwe praima ya epoksi kwanza, ikauke, nayo ipigwe 800.

Namba ya rangi iko kwenye kibao cha bati ndani ya boneti. 1F7, kwa mfano, ni fedha ya Toyota. Hata ukiwa na namba, mwambie muuzaji apulize sampuli kwenye kipande cha bati uilinganishe na mlango, kwa sababu gari lako limepauka kwa miaka yake. Puliza mapito mawili au matatu mepesi, kila moja likisubiri lililotangulia lififie. La mwisho liwe la mbali kidogo na kavu kidogo, chembe zisijikusanye mawingu mawingu. Usiliguse kwa msasa. Subiri dakika 20 hadi 30, na usiipitishe saa 24 bila klia.

Sasa klia yenyewe. Nyingi zinazouzwa ni za 2 kwa 1, yaani klia sehemu mbili na hadina, dawa ya kuigandisha, sehemu moja, na thina asilimia 5 hadi 10. Kwa boneti na paa utahitaji karibu lita moja iliyochanganywa: mililita 600 za klia, 300 za hadina, 45 hadi 90 za thina. Kama kopo lako limeandikwa 4 kwa 1, fuata kopo. Pima kwa kikombe chenye mistari, na uchanganye ya boneti kwanza, ya paa baadaye, kwa kuwa hadina ikishaingia mchanganyiko unaanza kuganda hata ndani ya bunduki.

Bunduki iwe na nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, presha kama bar 2 kwenye mpini huku umebonyeza kifyatulio, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Mkono utembee sambamba na paneli. Ukiuzungusha kama anayefagia, katikati panalowa na pembeni panakauka. Kila pito lifunike nusu hadi robo tatu ya lililotangulia. Koti la kwanza liwe la wastani. Subiri dakika 10, kisha gusa klia iliyoangukia kwenye tepu ukiwa na glavu: ikivuta uzi, ngoja, ikinata bila kuvuta uzi, endelea. Koti la pili ndilo la kulowesha. Liangalie kwa kuinama, macho yakifuata mng'ao wa mbingu juu yake. Mkono uende kwa mwendo ambao klia inajilaza nyuma ya bunduki. Makoti mawili hukupa mikroni 50 hadi 60. Ukijua utapiga msasa sana baadaye, ongeza la tatu. La nne ni kujitafutia balaa: thina inafungiwa chini, na baadaye inatoboa vitundu kama vya sindano ikitafuta pa kutokea.

Kuhusu kompresa: ya lita 50 yenye nguvu ya farasi 2 haiwezi kuilisha bunduki ya HVLP, inayokula hewa nyingi, paa zima bila kuishiwa pumzi. Nunua bunduki ya LVLP, inayotumia hewa kidogo, na uache tangi lijae kabisa kabla ya kila koti. Fungua koki ya chini utoe maji kabla ya kuanza, na ufunge kichujio cha maji karibu na bunduki. Hewa ya huko ziwani ina unyevu mwingi, utashangaa yatakayotoka.

Fanya kazi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi: umande umekwisha, upepo haujaamka, bati halijachemka. Mwaga maji sakafuni na pembeni ili vumbi la maramu lilale. Jioni iache. Bati linapoa, unyevu unatua juu yake na klia inaingia weupe. Na ile saa wadudu wa ziwani wanatanda kama moshi, watakuja kujipaka wenyewe. (Wakati wa senene, taa kali ya nje nayo izimwe.)

*

*Tangi la boda langu nililipaka klia ya mkebe wa kupuliza. Lilipendeza wiki mbili. Sasa kila petroli ikidondoka, klia inalainika kama chingamu. Niliuziwa feki?*
Mwendesha boda, Mbale

Huenda si feki. Mikebe mingi ya bei nafuu ni 1K, haina hadina. Hukauka kwa thina kupotea hewani tu, na kinachoyeyushwa na thina huyeyushwa na petroli. Tangi linahitaji 2K, yaani yenye hadina. Ipo ya mkebe pia: chini yake kuna kitufe kinachotoboa kifuko cha hadina ndani. Tikisa dakika mbili, bonyeza kitufe, tikisa tena dakika mbili, puliza. Baada ya kubonyeza, mkebe una siku moja au mbili za uhai kisha unaganda, kwa hiyo andaa tangi kwanza. Mkebe mmoja unatosha tangi. Boneti la gari linataka kama miwili.

Ile ya zamani iondoe yote. 2K juu ya 1K laini hukunjamana kama ngozi ya maziwa.

*

*Nilipima sawasawa, 2 kwa 1, lakini klia ilikaa laini siku nne, na ilipokauka ikafifia. Thina niliyotumia ni ile ya kuoshea bunduki. Hadina ilikuwa imebaki kwenye kopo tangu mwaka jana. Moshi wake haukunisumbua, nilijifunga leso puani.*
Msomaji, Arua

Umejijibu mara mbili ndani ya barua moja. Thina ya kuoshea, ambayo mara nyingi ni ya rangi za NC (za selulosi, zisizotumia hadina), haikutengenezwa kwa klia ya hadina. Yenye kukimbia haraka inakausha uso wa klia na kufungia thina iliyobaki chini. Yenye uchafu wa maji inaila hadina. Tumia thina ya 2K iliyotajwa kwenye kopo la klia. Hadina nayo hula unyevu wa hewa. Kopo lililofunguliwa mwaka jana, hata likiwa na kifuniko, limeshafanya kazi na hewa badala ya klia. Ukiona imeingia ukungu, ina punje au imeganda mdomoni, itupe. Wala usichanganye klia ya kampuni hii na hadina ya kampuni ile kwa kuwa vipimo vinafanana. 2 kwa 1 ni kipimo cha ujazo, hakisemi ndani kuna nini.

Kwa joto la Arua la Januari na Februari, linapopita digrii 30, omba hadina ya polepole. Ya haraka inafunga uso kabla klia haijajilaza, ukabaki na vitundu na uso wa ganda la chungwa.

Klia uliyonayo, ikiwa baada ya wiki mbili bado inaingia alama ya ukucha, ikwangue yote. Ikiwa imekuwa ngumu lakini imefifia tu, soma jibu la dada wa Entebbe hapa chini.

La leso hatuliachi lipite. Hadina ina isosaniati. Haitoi harufu ya kukuonya kabla haijakudhuru, na mtu aliyeipata ya kutosha anaweza kushikwa na pumu isiyomwacha tena. Baada ya hapo hata kiasi kidogo kinamziba pumzi. Leso na barakoa ya vumbi hazizuii kitu. Kiwango cha chini kwa anayepuliza nyumbani ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni pamoja na cha chembechembe, vipya, nayo ikaze usoni (ndevu huvujisha), miwani ya kufunga, mikono mirefu na glavu za nitraili. Wataalamu wa viwandani hutumia barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba, na hiyo ndiyo kinga kamili. Mwenye pumu asipulize kabisa, ampe fundi. Watoto na majirani wasogee upande upepo unakotoka, na sigiri izimwe; mvuke wa thina hutambaa chini kwa chini hadi kwenye makaa.

*

*Salaam. Nilipaka klia mlango na fenda ya gari langu juzi. Imeng'aa ila uso una vipunje kama ganda la chungwa, na vumbi limenasa. Kaka yangu ana grainda ya kukatia vyuma, anasema tutafunga sufi tupige bafingi. Tuendelee?*
Msomaji, Entebbe

Dada, grainda irudi kwenye vyuma. Inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na bafingi inataka 1,000 hadi 1,500. Kwa kasi ile klia inaungua kabla hujaondoa kidole kwenye swichi, na palipoungua hapang'arishwi, hupakwa upya. Tafuteni mashine ya polishi yenye kurekebisha kasi, ya kuazima au kukodi. Ile inayotikisika huku ikizunguka, inayoitwa DA, ni ya polepole lakini inasamehe makosa. Kwa mara ya kwanza ndiyo tunayoipendekeza.

Jambo la pili ni muda. Klia ya jana ni ngumu juu tu. Ipe siku mbili kamili, tatu kama kulikuwa na mvua. Ukipiga mapema, thina iliyobaki inaendelea kutoka, klia inasinyaa, na mng'ao ulioupata Jumamosi unafifia Jumatano. Usichelewe mwezi pia, maana itakuwa ngumu mno kukata.

Bafingi pekee haiondoi ganda la chungwa. Inang'arisha vilima na mabonde yake. Anayesawazisha ni msasa. Loweka namba 1500 kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika 15, uzungushe kwenye kibao laini cha mpira. Usitumie vidole, vinachimba mitaro. Kabla ya hapo bandika tepu kwenye kingo zote na kwenye ule mstari uliochongoka ubavuni mwa mlango: juu ya kingo klia hujikimbia yenyewe ikiwa mbichi, ni nyembamba kuliko kokote, na hapo ndipo watu wengi hutoboa. Sugua kwa mistari iliyonyooka, mkono mwepesi, maji tele. Kila baada ya mara kumi, futa kwa raba ya vioo na utazame. Pamoja na uso uliofifia utaona vidoa vinavyong'aa. Hivyo ni mabonde. Vinapungua kadiri unavyosugua. Vikibaki vichache vidogo, acha. Kuvifuata vyote mpaka kimoja cha mwisho ndiko kunakotoboa klia, na hakuna atakayeviona barabarani.

Kisha namba 2000, ukisugua kukata msalaba na mistari ya kwanza, ili ujue ya 1500 imeisha yote. Ukipata 3000, ipitishe pia. Inakuokolea nusu ya kazi ya mashine. Hatua hii ndiyo wengi wanaikimbia, halafu wanalaumu kopaundi, ile dawa ya kung'arishia.

Mashine sasa, gari likiwa kivulini na bati likiwa la baridi mkononi. Sufi kwa kopaundi ya kukata, matone manne ya ukubwa wa kunde, eneo la sentimita 50 kwa 50 na si zaidi. Yapake kwanza mashine ikiwa imezimwa, yasikurukie. Anza kwa kasi ndogo, panda hadi 1,200 au 1,500 kama mashine ni ya kuzunguka tu, pitisha mara tatu au nne ukipishanisha kama ulivyopuliza. Sufi ilale bapa, uzito wa mashine wenyewe unatosha, na isisimame mahali. Weka kiganja kila mara: uvuguvugu ni sawa, ukishindwa kuacha mkono pumzisha. Ukifika kwenye ukingo, mzunguko wa sufi uwe unatoka nje ya ukingo, usiwe unauingia. Kopaundi ikikauka na kurusha unga, ongeza tone la maji na usafishe sufi kwa brashi.

Tazama rangi ya sufi. Kama gari lako lina klia, mabaki yawe meupe. Siku utakapoona bluu au nyekundu ya gari kwenye sufi, umeshapita klia; zima mashine.

Sufi huacha mizunguko inayoonekana juani kama utando wa buibui. Iondoe kwa sponji laini na polishi nyembamba, kasi 1,000 hivi. Halafu osha. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa siku mbili tatu, na fundi mjanja anakukabidhi gari wakati huo huo. Futa sehemu kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, peleka gari juani, utazame. Unachokiona hapo ndicho ulichofanya.

*

*Klia ilipotua tu ilijitenga ikaacha matundu ya duara, kama macho ya samaki. Gari lilikuwa limetoka woshingi bei siku hiyo hiyo.*
Dereva wa speshali, Kampala

Silikoni. Ile dawa ya kung'arishia matairi na dashibodi inayopulizwa woshingi bei hutua mwili mzima wa gari, na klia haishiki palipo na silikoni. Sabuni peke yake haiitoi. Futa kwa dawa ya kuondoa silikoni kabla ya msasa, kwani msasa huisukuma ndani ya mikwaruzo, na ufute tena baada yake. Kama umetumia dawa na macho bado yanatokea, angalia mafuta ya kompresa: puliza hewa tupu kwenye karatasi nyeupe nusu dakika, uone kama inapata madoa.

Yakianza kutokea ukiwa kazini, usiyazamishe kwa koti zito. Simama dakika 10, kisha rusha mapito mawili makavu kidogo, na ukibahatika yatajifunga. Yaliyobaki yasubiri siku mbili, msasa 800, koti jingine.

*

Kwa mkato

*Klia imetiririka ubavuni, nifute ikiwa mbichi?* (Tororo) Usiguse. Subiri siku tatu. Kwangua mchirizi kwa wembe mpya ulioufunga tepu nyembamba ncha mbili ili usichimbe pembeni, ukibaki kimo cha karatasi malizia 1000, 1500, 2000 juu ya kibao kigumu.

*Nioshe lini, nipake nta lini?* (Mbarara) Maji matupu baada ya siku mbili tatu, sabuni baada ya wiki, nta baada ya siku 30. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe uondoe siku hiyo hiyo, kwa maji mengi bila kusugua. Klia changa huumia haraka.

*Naweza kupaka klia ya gari kwenye taa za mbele zilizoingia unjano?* (Masaka) Ndiyo, ya 2K. Msasa 400, 800, 1000, 2000 hadi unjano wote uishe, futa mafuta, makoti mawili membamba. Ukizing'arisha bila klia zitarudi njano, kwa sababu kinga ya jua ya plastiki umeiondoa kwa msasa.